Rejeta Isiyo na Kifuniko

Karagita, Naivasha
3 Machi 2025

Baba,

Nimekupigia simu mara tisa tangu Septemba. Inaita mpaka inachoka. Nikikutumia ujumbe unanijibu "Sawa", hata pale nilipokuuliza kama umekula. Kwa hivyo nimeshika kalamu kama watu wa zamani, na barua nimempa karani wa vifurushi wa steji ya huku aipeleke kwa mwenzake wa Nakuru, maana najua hupiti pale bila kuingia kupiga domo.

Mimi niko mzima. Bado niko kwenye ghala la maua, napanga mawaridi kwa urefu, ya sentimita arobaini huku, ya hamsini kule, mpaka nikilala naona mashina. Chumba ni kimoja na ukuta ni mwembamba. Jirani yangu Joan akipiga chafya, mimi ndiye ninayemwambia pole. Lakini sikuandikii kwa ajili ya maua.

Kuna shirika linatafuta watu wa kusoma vitabu vya shule kwa sauti, kwa wanafunzi wasioona. Niliwatumia kipande cha majaribio. Wakajibu kwamba sauti yangu wameipenda, usomaji wameupenda, ila nyuma yangu kuna kitu kinanguruma kama kinu cha posho. Kitu hicho ni kompyuta yangu, Baba. Ni ile ya mitumba, yenye prosesa kubwa ya kazi ngumu. Nikianza kurekodi prosesa inashika moto, feni yake inapandisha mori, na maiki inabeba kila kitu. Nikiifunika kwa blanketi inazimika kabisa. Wamenipa hadi tarehe thelathini Aprili niwapelekee saa nzima ya kusoma isiyo na kelele. Wakinichukua, naaga maua.

Watu wananiambia niweke kipozeo cha maji. Kina rejeta ndogo kama ya gari, pampu na mipira miwili, na kinabeba joto la prosesa kulitoa nje polepole bila fujo. Nilipoona picha nilicheka peke yangu. Miaka yote nimezikimbia rejeta zako, na sasa moja imenifuata hadi Karagita!

Jaspreet anauza vitu hivyo palepale ilipokuwa gereji ya babake. Nenda unichagulie. Kwenye mtandao kila mtu anasifu yake na sijui nimwamini nani. Wewe ukishika rejeta unajua.

Najua uliniambia umechoka nikikusomea gazeti. Sijasahau. Lakini hili si la kusoma, ni la rejeta. Tafadhali.

Naliaka


Kivumbini, Nakuru
8 Machi 2025

Mama,

Nitakuita hivyo hata ukinuna. Jina ulilobeba ni la mama yangu, na siwezi kumwita mama yangu kwa jina lake kwa sababu wewe una hasira.

Simu yangu spika imekufa. Ndiyo sababu. Nimeambiwa kipuri chake hakipatikani tena. Barua ni bora, haikati mtandao. Endelea na barua.

Nilienda kwa Jaspreet siku ileile niliyopata barua yako. Huwezi kupajua. Pale tulipokuwa tunachemshia matangi mimi na babake, Harjit, sasa kuna vioo na taa za buluu na viti vinavyozunguka. Akanipa chai, akaniletea hiyo rejeta yako. Mama, nimeziba rejeta miaka thelathini na minne. Nimeziba za matrekta ya Ndabibi, za malori ya viazi ya Kuresoi, hata ya gari la maiti lililochemka likiwa na mwenyewe ndani. Sijawahi kuona rejeta isiyo na kifuniko! Nikaigeuza juu, nikaigeuza chini. Nikamuuliza, maji yanatiwa wapi? Akasema hayatiwi, yalitiwa kiwandani yakafungiwa humo. Na yakipungua? Akasema hayapungui. Nikamwambia, babako angekuwa hai ungechapwa kwa maneno hayo. Nilitaka kulegeza skrubu moja tu nichungulie, akaninyang'anya bisibisi.

Sasa sikiza. Kuna ya feni moja, ya feni mbili na ya feni tatu. Kuna pia isiyo na maji kabisa, ni mnara wa mabati na feni ubavuni. Jaspreet anasema huo mnara hauna pampu ya kufa wala mpira wa kuvuja, na kwa mtu asiye na haraka unatosha. Siwezi kuchagua kwa kubahatisha. Nipimie sanduku la kompyuta yako ndani: mbele, juu, chini, na kutoka kwenye bodi, pale prosesa imekalia, hadi kwenye mlango. Na uniandikie jina lililochapwa kwenye bodi, maana matundu ya kufungia hayafanani.

Mimi niko sawa. Juzi dereva wa lori alinitukana pale njia panda, eti amepiga honi mara tano nami nimesimama tu kama ng'ombe. Honi za siku hizi ni za plastiki, hazina nguvu.

Ni mimi baba yako,
Wanyonyi


Karagita
13 Machi 2025

Baba,

Umeandika kurasa mbili! Nilimwonyesha Joan, akasema baba yake hata kwenye harusi yake hakusema maneno mengi hivyo.

Sikuwa na tepu ya kupimia, kwa hivyo nilipima kwa mawaridi. Usicheke. Nilichukua mashina yaliyotupwa, ambayo urefu wake naujua hata nikiwa nimefumba macho. Mbele ya sanduku, shina la thelathini linaingia na nafasi inabaki kidogo. La arobaini linakataa, kichwa kinagonga bati. Chini kwenye sakafu ni vilevile. Juu hapafai, vipande vya kumbukumbu ya kompyuta vimesimama vinazuia. Kutoka kwenye bodi hadi mlangoni ni sentimita kumi na nne. Jina la bodi nimeliandika nyuma ya karatasi hii.

Kwa hivyo nadhani ya feni tatu haiingii. Na mnara je? Nikipata mnara mfupi, feni yake itakuwa ndogo, na feni ndogo ndiyo hupiga kelele zaidi. Hiyo nimeijua kwa uchungu.

Ninavyorekodi sasa ni hivi. Nasubiri siku ya mapumziko, Joan akiwa ameenda kanisani na watoto wa ploti wako mtoni. Najifunika blanketi na maiki, nasoma ukurasa mmoja, natoka kupumua, narudi. Ukurasa wa pili mashine inaanza. Jumapili nilikuwa nasoma habari za mvua na maziwa ya Bonde la Ufa, nikafika kwenye Ziwa Nakuru nikashindwa kuendelea. Haikuwa kelele. Niliwaza ni saa kumi na moja unusu, umerudi nyumbani, mikono ni myeusi huwezi kushika gazeti, na chai iko mezani. Mama alikusomea miaka yote hiyo, na alipofariki nikashika zamu. Ni nani anakusomea siku hizi?

Hukujibu lile la mwisho katika barua yangu ya kwanza. Basi.

Naliaka


Kivumbini
22 Machi 2025

Mama,

Wewe ni mtoto wa fundi kweli. Mawaridi! Nilimwambia Jaspreet akacheka mpaka akakaa chini.

Nimekuchagulia ya feni mbili. Ya feni tatu ni ndefu kuliko shina lako la arobaini, na ya feni moja itahema ikifanya kazi saa nzima. Mnara mrefu utagonga mlango. Za feni mbili zilikuwa tatu, za viwanda tofauti. Jaspreet aliziwasha zote mezani, akaanza kunisomea makaratasi yao. Nikamwambia aweke makaratasi. Nilikaa nazo asubuhi nzima, nikachagua moja ambayo haina wasiwasi. Si ile yenye taa nyingi. Taa hazipozi kitu.

Ndani ya kifurushi utapata vyuma vya kushikia vya aina tatu. Vya bodi yako nimevifunga uzi mwekundu. Ile dawa ya kijivu paka kiasi cha punje moja ya ndengu katikati ya prosesa, usipake kama siagi. Skrubu zikaze kwa kupishana, kidogo huku, kidogo kule, kama unavyokaza gurudumu. Rejeta yenyewe ifunge chini, kwenye sakafu ya sanduku, na pampu ikae juu yake. Rejeta ni kitu cha chini. Sijawahi kuona gari lenye rejeta kichwani.

Uliuliza nani ananisomea. Hakuna. Gazeti sinunui tena. Habari ni zilezile.

Hapa mvua imeanza. Naiona kwenye dirisha.

Baba yako,
Wanyonyi


Karagita
31 Machi 2025

Baba, nina haraka, karani anafunga. Nimekutumia flashi. Ipeleke kwa Jaspreet, uisikilize yote mwanzo hadi mwisho, halafu uniambie unaonaje. Wewe tu ndiye unaweza kunijibu. Upesi, tafadhali.

N.


Kivumbini
4 Aprili 2025

Mama yangu,

Nimesikiliza. Jaspreet alinikalisha kwenye kiti cha kuzunguka, akaniwekea zile hedifoni kubwa za kufunika masikio, nikasikiliza mwanzo hadi mwisho kama ulivyosema.

Mimi si mtu wa kusifu, unanijua. Lakini umesoma vizuri. Mama yako alikuwa anasoma kama anakimbizwa, Mungu amrehemu, lakini wewe unasimama kwenye nukta. Pale katikati nusura machozi yanitoke mbele ya wateja wa watu. Sauti imekomaa. Na mashine haisikiki hata kidogo, rejeta imefanya kazi yake. Hao watu wakikukataa, ni wao wenye shida.

Wapelekee hivyohivyo. Usibadilishe kitu.

Baba yako,
Wanyonyi


Karagita
8 Aprili 2025

Baba,

Kwenye ile flashi sikuwa nimesoma chochote.

Ni dakika kumi na moja za maji. Hakuna neno hata moja la mtu. Niliifunga rejeta chini kama ulivyoniagiza, nikawasha, na kwa dakika kumi za kwanza chumba kilikuwa kimya mpaka nikasikia saa ya Joan ng'ambo ya ukuta. Nilikaa kwenye kitanda nikalia kwa furaha. Halafu ikaanza kugugumia, kama mtu anayesukutua. Joto likapanda hadi tisini na tano, mashine ikazima. Nimejaribu mara sita na kila mara ni hivyo. Nikasema ngoja nimrekodie Baba, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unasikia gari likiwa bado kule barabarani unasema, huyo pampu yake imekufa, mwekeeni nafasi.

Hukusikiliza. Hata kuiweka masikioni hukuiweka. Ulikaa ukaniandikia barua nzuri ya uongo.

Ningekuelewa kama ungesema huna muda. Lakini kusema nusura ulie! Baba, nilipokusomea kwenye matangazo ya vifo kwamba Oduor amefariki, Oduor wa gereji ya pili mliyekula naye miaka ishirini, ulisema "endelea" ukanywa chai. Nilikutazama nikasema moyoni, huyu mtu ana nini? Siku mbili baadaye ukaniambia niache kukusomea, umechoka. Nikajua uliyechoka naye ni mimi. Wiki tatu baadaye nikawa nimehama. Na bado, mjinga mimi, huku Karagita kila nikisoma kwenye maiki ni wewe ninayekusomea. Wanafunzi siwajui sura. Nakuona wewe na kikombe.

Sitakusumbua tena. Siku zimebaki ishirini na mbili, nitatafuta fundi mwingine.

Naliaka


Nakuru
11 Aprili 2025

Naliaka dada,

Ni Jaspreet. Namba yako ninayo, ningekupigia, lakini jambo hili nikianza kulisema nitalia kwenye simu.

Jana fundi, babako, alikuja dukani akanipa barua yako niisome. Alikaa kwenye kiti akatazama sakafu. Nikaona lazima nikwambie nilichokiona, kwa sababu yeye hawezi kukwambia.

Siku ile ya flashi nilimvalisha hedifoni, nikaweka flashi kwenye kompyuta, nikabonyeza. Mteja akaingia na kelele zake, nikaenda kumhudumia. Niliporudi niliona waya wa hedifoni uko sakafuni. Sikuwa nimeuchomeka. Naliaka, hakukuwa na sauti yoyote ile masikioni mwake. Na yeye alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa. Kwenye skrini ilipofika mwisho akavua, akapangusa uso kwa kile kitambaa chake cha grisi, akaniambia, "Huyo ndiye Naliaka wangu."

Baadaye nilisimama nyuma yake nikamwita, fundi, fundi, fundi. Hakugeuka. Nilipogusa bega alishtuka akanitania eti natembea kama paka.

Sasa naelewa mambo mengi. Akiongea nami huwa ananitazama mdomo. Alipokuchagulia rejeta, alisimama kwa kila moja akaweka kiganja juu ya pampu, akakaa hivyo dakika tano, kumi, kisha ya pili, kisha ya tatu. Akarudia. Nilidhani ni madoido ya mafundi wa zamani, babangu naye alikuwa nayo. Kumbe ndivyo alivyokuwa anatafuta iliyo kimya. Akasema, "Hii haitetemeki. Mpe hii."

Usimkasirikie. Na mimi pia usinikasirikie kwa kusema.

Jaspreet


Karagita
13 Aprili 2025

Baba,

Jaspreet ameniandikia. Usimgombeze, alifanya vizuri.

Nimesoma barua zako zote upya, na ile ya dereva wa lori nimeisoma nikiwa nimeshika mdomo. Baba, utagongwa! Kwa nini hukuniambia? Ningekusomea kwa kupaza sauti. Ningekusomea mdomo kwa sikio. Ningekuandikia kwenye ubao. Mimi ni mtoto wako, nani mwingine ungemwambia?

Lakini hayo tutayaongea. Leo nataka unitibie rejeta, na huhitaji kusikia, mimi nitakuwa masikio yako. Ni hivi. Rejeta iko chini kwenye sakafu, pampu iko juu ya prosesa, mipira miwili inapanda kutoka chini kwenda juu. Inaanza kimya. Dakika ya kumi inaanza kugugumia, na mgugumio unatoka kwenye pampu, si kwenye rejeta. Nimeweka kiganja kama wewe. Pampu inatetemeka, inaacha, inatetemeka tena. Mpira mmoja unachoma, mwingine ni baridi kabisa. Maji hayavuji popote.

Niambie.

Naliaka wako


Kivumbini
15 Aprili 2025

Mama yangu,

Kosa ni langu. Acha nikupe dawa ya mashine kwanza, maana hiyo naijua.

Mpira mmoja moto na mwingine baridi maana yake maji hayatembei. Kinachoyazuia ni hewa. Kila rejeta ina hewa kidogo ndani, hata hiyo waliyoifungia kiwandani. Kwenye gari hewa hupanda ikakaa kwenye kifuniko, pale juu kabisa, haimsumbui mtu. Hii haina kifuniko. Hewa yake ilipanda ikatafuta mahali pa juu, na mahali pa juu nilikwambia mimi uweke pampu. Pampu inatafuna hewa badala ya maji. Miaka thelathini na minne, na nimekuagiza kitu ambacho mwanafunzi wa wiki ya pili angekataa! Niliambiwa wazi kwamba haina kifuniko, nikacheka, sikufikiri.

Itoe pale chini. Ifunge mbele, imesimama wima, mipira ikitokea upande wa chini. Kichwa cha rejeta kiwe juu kuliko pampu. Hapo hewa itapanda ikae kwenye kile kichwa, ilale. Ukishawasha, lilaze sanduku polepole huku na huku, kama unayembembeleza mtoto, mpaka mgugumio uishe. Halafu shika mipira yote miwili. Ikikaribiana joto, umepona.

Sasa la pili.

Masikio yalianza kukosa herufi nyembamba, kama s na f. Nilikuwa sipati mwisho wa maneno. Halafu ikaja filimbi ndani ya kichwa, usiku na mchana haizimi. Ni zile nyundo za gereji kwenye bati, Mama, hakuna mtu aliyenionea. Nilikuwa nakaa na chai yangu, naona mdomo wako unatembea, napata neno moja kati ya matano. Ukisimama, nasema "maskini" ama "endelea", kwa kubahatisha. Siku ya Oduor nilisema "endelea". Kesho yake nikakutana na watu wanatoka kwa mkewe, wakaniuliza mbona sikufika. Nikaelewa ulikuwa umenisomea, na nikaelewa ulivyonitazama. Niliona haya. Nikasema bora aache kunisomea kuliko ajue kwamba anamsomea ukuta.

Sikuchoka na wewe. Hata siku moja. Nilipoona umefunga begi nilitaka kukwambia, nikafungua mdomo, na wewe ukawa unasema kitu mlangoni, na sikukipata. Mpaka leo sijui ulisema nini.

Ningekuja mwenyewe kuigeuza hiyo rejeta, lakini sasa naogopa barabara. Haya, nimesema.

Wanyonyi


Karagita
2 Mei 2025

Baba,

Imenyamaza.

Niliigeuza Ijumaa Kuu, Joan akinishikia tochi. Nililaza sanduku huku na huku mpaka akaniuliza kama nataka kulibeba mgongoni. Nikashika mipira, yote vuguvugu. Joto halikuvuka sabini. Nilisoma saa nzima bila kutoka chini ya blanketi, habari za mvua, na maziwa, na Ziwa Nakuru nikapita. Niliituma tarehe ishirini na nane. Leo asubuhi wamejibu. Wamenichukua, Baba! Kuanzia Juni nasoma vitabu vitatu.

Nilipiga kelele kwenye ghala supavaisa akadhani nimejikata. Na mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia simu ni wewe. Nilishika simu kabisa. Halafu nikakumbuka.

Nilitaka kuja wiki hii, lakini kuna maua ya siku ya akina mama huko ng'ambo, na mapumziko yote yamefutwa mpaka tarehe kumi na moja ipite. Nikija nitakupeleka hospitali, usibishe.

Mlangoni nilisema, "Chakula kiko kwenye sufuria, usikile baridi." Ni hicho tu. Nilikuwa nimekasirika, lakini nilikuwa nimekupikia.

Baba, nimepata kazi ya kusoma, na mtu niliyetaka anisikie hawezi. Nikija nitakaa pale mezani saa kumi na moja unusu nifanye nini? Nitakusomea nini sasa?

Naliaka wako


Kivumbini
6 Mei 2025

Mama yangu,

Nilipofika pa kwamba wamekuchukua nilitoka nje nikamwambia kila mtu kwenye ploti. Walinijibu, sijui nini, lakini walikuwa wanacheka.

Hospitali nimeshaenda. Jaspreet alinipeleka. Daktari aliandika kwenye karatasi kwamba masikio ya nyundo hayarudi, na kuna kifaa cha kujaribu, kitasaidia kidogo. Usilie juu ya hilo, mimi nimeshamaliza.

Kile chakula nilikila baridi. Ulikuwa wali na ndengu.

Sasa nikuambie kwa nini nilikudanganya habari za spika na kukuambia uendelee na barua. Nikipewa barua yako pale steji siifungui. Naileta nyumbani. Naosha mikono kwa sabuni ya unga mpaka viganja vinawasha, nisiichafue karatasi. Nangoja saa kumi na moja unusu, namimina chai, ndipo nafungua. Sauti yako ninayo, Mama. Kila kitu kilikwenda, redio, mvua kwenye bati, hata nyundo yangu mwenyewe, lakini yako ilikuwa ya mwisho kuondoka, na ilipoondoka masikioni ilibaki kichwani. Nikisoma barua, ni wewe unasoma. Unasimama kwenye nukta. Siku ile ya hedifoni sikuwa nadanganya kabisa, nilikuwa nakusikia.

Kwa hivyo usiulize utanisomea nini. Unanisomea tangu Machi. Nimeelewa kila neno, na mahali pa kusema "maskini" nimesema kwa wakati wake.

Njoo ikipita hiyo tarehe kumi na moja. Lakini hata ukiwa umekuja, na ukirudi huko, usiache kuandika. Niandikie na matangazo ya vifo ukipenda, anza nayo kama zamani. Ila andika kurasa nyingi. Hii ya juzi iliisha chai ikiwa bado moto.

Baba yako,
Wanyonyi